Juu ya Kibanda cha Sita

Nani amefika: aliyeandika kwamba amefika, au aliyembebea mzigo mpaka pale alipoandikia? Msinijibu haraka. Swali hili nimekaa nalo miaka sitini nikilipepeta kama ulezi, na bado naona makapi. Limenitoa nywele. Katikati ya kichwa changu pana mahali pa mviringo, laini kama kisigino cha mtoto mchanga, ambapo nywele ziliacha kuota, kwa sababu hapo ndipo ilipokaa ngata. Ngata ni pete ya magome makavu ya mgomba. Mtu huisokota akaiweka utosini ili mzigo usimtoboe fuvu. Kila mwanamke wa kitongoji chetu huifunga kwa fundo alilofundishwa na mama yake, na fundo la nyumba moja si fundo la nyumba nyingine. La kwetu lina mizunguko mitatu, na ndani yake kimechomekwa kitambaa chembamba cha kanga nyekundu kisichoonekana kwa nje. Kikumbukeni hicho kitambaa.

Basi. Tangazo lilikuja siku ya Jumatatu, au Jumatatu ya mwaka mwingine. Katika nchi ile siku hazikupanga foleni. Tulilikuta limebandikwa kwenye mlango wa ghala. Lilisema hivi: Kitongoji kisicho na jina Kitabuni, mlima haukijui. Kisichojulikana na mlima, hakinywi maji ya mlima. Mfereji wake utazibwa siku ya saba.

Kitabu chenyewe kiko kileleni, ndani ya sanduku la chuma. Anayefika huandika jina lake. Sisi wote pale, wake kwa waume, ni wapagazi na watoto wa wapagazi. Tukatazamana. Shingo zote zile zilizobeba mahema, sufuria, vitanda vya kukunja, na mara moja bafu la bati la mgeni asiyependa kunuka. Na jina Kitabuni hakuna hata moja, kwa sababu mpagazi huishia kibanda cha sita, cha mwisho katika vibanda vya kupumzikia njiani. Ndivyo tulivyofundishwa. Na mfereji ule ulichimbwa na babu za babu zetu kwa vijiti vilivyochongwa, ukapitishwa ubavuni mwa mwamba, ukashuka kati ya migomba kwa mteremko mdogo kiasi kwamba ukiweka jani la maharage juu ya maji linakwenda kwa mwendo wa mtu anayewaza. Ukizibwa, migomba inakauka. Migomba ikikauka, hatuna magome hata ya kusokotea ngata. Mtu asiye na maji hana haja ya kuuliza yeye ni nani. Anajua, ni kiu.

Nikasema, "Nitakwenda kuliandika langu."

Aliyejibu wa kwanza ni Elishilia, dada wa marehemu mume wangu, mwenye miaka sabini na minne na pikapu yenye mlango mmoja wa buluu na mwingine wa kijani, huo wa kijani umefungwa kwa kamba ya katani.

"Wifi Ndeonasia, utakufa kabla ya kibanda cha kwanza, halafu nipate kazi ya kukupakia."

"Unipakie mbele. Usije ukaniweka nyuma na mbuzi."

"Mbele anakaa mtu anayepumua."

"Basi nitapumua, ilimradi nisinuke mbuzi."

Tukaondoka. Lango la mlima liko upande wa pili, na barabara inauzunguka mlima siku tatu. Tulichukua ndizi za kuchoma zilizofungwa kwa majani, kibuyu cha maziwa mgando, chumvi kwenye kikopo cha dawa, tairi la akiba lisilo na pumzi, na blanketi. Mimi nilichukua magome makavu, nikawa nasokota ngata njiani, magotini, gari likirukaruka.

Siku ya kwanza mlima ulikuwa kuliani. Siku ya pili ulikuwa kuliani. Siku ya tatu haukuwapo. Tulitazama mbele, tukaona vumbi na minyaa. Tukatazama pembeni, tukaona mashamba ya alizeti yaliyotupa visogo. Kisha Elishilia akasema, "Hebu tazama kioo." Nikatazama kioo cha kuonea nyuma, na mle ndani mlima ulikuwa umekaa mzima, mweupe kichwani. Nikageuka nyuma kwa shingo yangu mwenyewe: hakuna. Kioo: upo.

"Huu mlima una dharau," Elishilia akasema. "Unataka tuuendee kwa makalio."

"Tuuendee."

Akatia gia ya kurudi nyuma. Akaendesha kinyumenyume kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane, shingo imepinda, akiitukana barabara kwa majina ya mashemeji zake wote mmoja mmoja. Nikawaza: mimi maisha yangu yote nimepanda mlima nikitazama chini, na leo ninauendea nikiwa nimeupa kisogo. Lini nitakutana nao uso kwa uso? Na ule uso ni wa nani?

Langoni alikuwepo Karani. Alikuwa na kofia, meza, na muhuri. Elishilia alimtazama, kisha akanivuta kanga.

"Huyu siye yule aliyemkagua mama yako?"

Ndiye. Uso uleule, masharubu yaleyale membamba kama mstari wa kalamu. Miaka sitini ilikuwa imempita pembeni kwa adabu bila kumgusa. Nadhani vyeo vingine havizeeki kwa sababu havibebi kitu.

"Shughuli yako, bibi?"

"Kupanda."

"Vua kitambaa."

Nikavua. Akainuka kidogo, akaukagua utosi wangu kama mtu anayekagua tikiti sokoni. Akauona ule mviringo.

"Mpagazi," akasema, akaandika. "Mpagazi huishia kibanda cha sita. Juu ya hapo ni pa wageni."

"Na mizigo ya wageni juu ya hapo inabebwa na nani?"

"Juu ya kibanda cha sita hakuna mzigo."

"Hakuna?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Na mpagazi asiye na mzigo haingii. Mzigo wako uko wapi?"

Nikaiweka ngata kichwani. Ngata tupu, juu yake hewa. "Huu hapa."

"Mimi sioni kitu."

"Mwanangu, wewe mzigo wetu hujawahi kuuona. Leo ndiyo umeshtuka?"

Elishilia akacheka mpaka akashika boneti. Karani akatazama orodha yake, akapekua, akapekua tena. Hakukuwa na sheria iliyosema hewa ina kilo ngapi. Akapiga muhuri kwa hasira. "Lakini mwisho ni cha sita!" akapaza sauti. "Na siku ya saba nakwenda kwenu mwenyewe!"

"Karibu sana," nikamwambia. "Ukifika utanikuta."

Wageni hupanda gizani, ili jua liwakute juu na wapigane picha. Mimi nilipanda mchana kweupe. Sikuwa nakwenda kuiba.

Sasa nisikilizeni, maana hapa miaka yangu sabini na tisa ilianza kunitoka. Sikuitupa mimi. Kwenye kibanda cha kwanza niliketi kunywa maji, nikainuka, na maumivu ya goti la kushoto yakabaki palepale kwenye benchi kama mwavuli uliosahaulika. Nikajua nina sitini na tisa. Cha pili, nikauma ndizi ngumu na jino likajibu, jino ambalo nililizika mwenyewe nyuma ya jiko. Hamsini na tisa. Cha tatu, kanga yangu ilikuwa na harufu ya tumbaku ya mume wangu, ikiwa ya moto bado, na sikulia, kwa kuwa katika umri ule alikuwa hajafa. Cha nne, maziwa yalinivuja kwa ajili ya mtoto wangu wa mwisho, ambaye leo ana mvi. Cha tano, nikapapasa utosi: ule mviringo umepungua, ni mdogo kama kifungo cha shati. Njiani nilipishana na wanawake wanaoshuka na mizigo. Kila mmoja alisema "Pole," nami nikasema "Pole na wewe," na kila mmoja alikuwa na kovu langu la panga kwenye kidole gumba. Sikuwasimamisha. Ningewaambia nini? Kwamba mbele kuna msiba, na baada yake kuna maharage ya kupalilia? Wangenijibu: tunajua, tupishe, mzigo unatuelemea.

Ni hivi. Mtu si mmoja. Mtu ni msafara. Wa mbele hamjui wa nyuma, na wote wamebeba mzigo mmoja wakipokezana. Nani basi ndiye mwenye jina?

Nami niliitwa nani siku hizo? Wageni walituita "wewe." Wewe, maji. Wewe, hema. Wewe, polepole. Nilikuwa Wewe wa tatu kutoka nyuma.

Kibanda cha sita. Nina kumi na tisa.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni akikoroga uji wa ulezi katika sufuria iliyobonyea upande, ileile aliyokwenda nayo kaburini, maana tulimzika nayo. Hakushangaa kuniona.

"Umekula?"

"Bado."

"Kaa ule. Hapa ndipo mwisho."

Nikaketi. Uji ulikuwa mtamu, una ndimu. Nikanywa kikombe kizima kabla ya kusema neno, maana mtu hakatai uji wa mama yake kwa ajili ya mlima.

"Mama, napita."

"Hupiti. Hapa ndipo mwisho." Akaongeza uji. "Na usinyanyue macho."

Ule ndio mwiko wetu mkubwa. Mpagazi hatazami kilele. Hutazama visigino vya anayemtangulia, hivyo tu: kisigino, jiwe, kisigino, jiwe. Ukitazama juu, shingo inavunjika. Tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kula kwa mkono wa kulia.

"Mama, nani alikuambia shingo itavunjika?"

"Mama yangu."

"Naye aliambiwa na nani?"

Akakoroga. Alikoroga kwa muda mrefu, uji ukawa unaanza kushika chini. "Na Karani," akasema.

"Uliona shingo ya nani ikivunjika?"

"Hatukutazama, mwanangu. Tungeionaje?"

Tukacheka, mimi na yeye, akajifuta macho kwa pindo la kanga yake nyekundu iliyochanwa ukingoni. Kisha uso wake ukawa mkavu. "Nenda. Lakini mimi sikukuruhusu. Wakikuuliza, useme nilikukataza."

"Nitasema ulinipa uji."

Nikasimama nikanyanyua macho.

Shingo haikuvunjika. Ililia kidogo, kama mlango wa ghala. Kilele kilikuwa karibu, tena kidogo. Pembeni pana barafu iliyochakaa kama shuka la zamani. Miaka sitini nikiogopa kitu kinachotosha kwenye kiganja! Hasira ikanipanda, ile hasira safi inayopasha mwili joto. Nikaanza kwenda.

Na hapa ndipo ilipo ajabu yangu. Nilipotazama juu, njia ilikuwa ngeni. Nilipotazama chini, niliijua. Hili jiwe lililopasuka katikati kama mkate, nalijua. Hili lenye mkwaruzo wa misumari saba ya kiatu, nalijua. Nilivifuata visigino vile nikihesabu misumari ili nisisinzie. Hapa mtu aliteleza. Hapa mtu alisema, "Wewe, angalia sanduku!" Nikasimama.

Sanduku.

Nilikuwa na kumi na tisa. Mgeni alikuwa na mzigo mmoja mzito uliofungwa turubai, na alisema ni lazima ufike. Pale kibanda cha sita kulikuwa na ukungu, wenzangu walikuwa wanaumwa vichwa, nikajitwika. Sikuona kwamba tumekipita kibanda kwa sababu ya ukungu, na sikutazama juu kwa sababu ya mwiko. Kisigino, jiwe, kisigino, jiwe. Tukafika mahali. Akasema, "Weka." Mikono ilikuwa imekufa ganzi, jiwe halikuwa sawa, sanduku likawa linayumba. Nikavua ngata yangu, nikaiweka chini, nikalikalisha juu yake likatulia. Akaniambia nishuke. Nikashuka nikidhani pale ni kibanda kingine tu. Nilirudi nyumbani kichwa kitupu, mama akanigombeza kwa kupoteza ngata.

Kosa hilo hawezi kulifanya mtu mwingine ila sisi. Mtu wa kwingine angejua alipofika. Sisi tulilelewa kwa adabu nzuri kiasi kwamba tulifika kilele cha dunia tukaomba radhi kwa kuwa njiani.

Nikapanda hatua zilizobaki mbiombio. Kileleni ni padogo kama ua wa kuanikia ulezi. Katikati lilikaa sanduku, kutu imelila pembe. Nikapiga magoti, nikaingiza kidole chini yake. Magome yalikuwa yamekauka kama mfupa. Fundo: mizunguko mitatu. Nikapenyeza ukucha ndani, nikavuta, kikatoka kitambaa chekundu.

Miaka sitini walikuwa wameandika majina yao juu ya kichwa changu.

Nikafungua sanduku, nikafungua Kitabu. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa kulala: Nimefika leo, peke yangu. Ukurasa wa pili: Nimefika, peke yangu. Nikapekua. Peke yangu, peke yangu, mimi peke yangu, sisi wawili peke yetu. Watu wote wale! Na kila mmoja alikunywa chai ya moto pale juu. Nani aliichemsha, upepo?

Penseli ilikuwapo, imefungwa kwa uzi. Nikailamba ncha, nikaandika herufi ya kwanza ya jina langu. N. Nikaitazama. Nikiliandika, mfereji wetu utaachwa wazi. Nitashuka na nitapigiwa vigelegele. Lakini kitongoji kilicho chini yetu hakina jina, na kilicho chini ya hicho hakina. Nikiliandika, nimekubali kwamba ni haki maji kuuliza jina kabla ya kushuka. Na maji ninayajua, nimeyachota miaka yote. Hayajawahi kuniuliza kitu.

Nikairudisha penseli. Nikafunga sanduku. Nikaweka ngata mpya utosini, ile ya zamani nikaifunga kiunoni, nikachuchumaa, nikajitwika. Nilikipandisha mimi, nitakishusha mimi.

Sikurudi Langoni. Nilishuka upande wetu, pasipo na njia, nikifuata maji. Mwanzo yalikuwa tone kwenye barafu, kisha mchirizi, kisha kijito, na kila kijito kipya kilipojiunga, kilinirudishia miaka kumi. Ishirini na tisa, mzigo mwepesi. Thelathini na tisa, tumbaku ya mume wangu inanukia tena kwenye kanga. Arobaini na tisa, hamsini na tisa, shingo inapiga kelele. Sitini na tisa, goti la kushoto likarudi, nikalisalimia. Kijito cha sita kilinikuta naufikia mto ulio juu ya migomba yetu, nami ni bibi wa miaka sabini na tisa na chuma kichwani, sijaanguka.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya saba. Na pale kwenye banio, mahali mto unapogawanywa uingie mferejini, watu wa Lango walikuwa wamekwisha kupita. Walikuwa wameng'oa mawe na vigogo vya mgomba vilivyoyageuza maji. Mto ulikuwa unapita moja kwa moja. Mferejini mlikuwa na tope, na viluwiluwi wakirukaruka. Watu wa kitongoji walisimama kwenye kingo, ndoo mikononi.

Niliingia mtoni mpaka magotini, nikalishusha sanduku katika lile pengo. Lilikaa kama lilipimwa. Maji yakaligonga, yakasitasita, yakapanda, yakageuka. Yakaingia mferejini yakisukuma tope mbele yake, na wanawake wakaanza vigelegele.

Ndipo ikaja pikapu, kinyumenyume. Elishilia alikuwa usukani. Karani alikuwa nyuma pamoja na mbuzi, suruali imejaa tope.

"Nimempa lifti," Elishilia akasema. "Kalipa kwa kusukuma."

Karani akaruka chini. Alipoona sanduku, masharubu yakamcheza. "Kitabu! Kitabu kinalowa!"

"Kinakunywa maji ya mlima," nikamwambia. "Nacho kina jina Kitabuni?"

"Sitafanya mzaha na wewe, bibi. Mfereji huu ni wa kuzibwa. Nionyeshe jina lenu."

"Limo humo ndani, au halimo. Fungua utazame."

Akaingia majini na viatu. Akalishika sanduku kwa vishikio viwili, akavuta. Akavuta tena mpaka kofia ikaanguka. Halikutikisika. Akawageukia watu kwenye kingo. "Wapagazi! Njooni mnyanyue! Kirudishwe kileleni leo hii!"

Hakuna aliyesogea. Vijana wenye shingo kama vigogo waliweka mikono nyuma. Wote walikuwa wamenyanyua macho, wanamtazama usoni. Sijawahi kuona watu wetu wakisimama hivyo. Na shingo hazikuvunjika.

"Juu ya kibanda cha sita hakuna mzigo, Karani," Elishilia akasema, akimpa mbuzi jani la mgomba. "Ulisema mwenyewe. Sasa watabeba nini?"

Maji yalikuwa yameshapita shamba la kwanza. Jani la maharage lilipita mbele yetu kwa mwendo wa mtu anayewaza. Karani alisimama kichwa wazi, na kwa mara ya kwanza niliuona utosi wake: nywele nzuri, zimejaa, zimepakwa mafuta, hazijawahi kukaliwa na kitu. Nikaona anaanza kuzeeka kuanzia masikioni. Nikamwonea huruma, lakini sikumpunguzia.

Nikafungua ngata ya zamani kiunoni, ile ya miaka sitini, nikampa mkononi.

Bado ameishika. Nayaandika haya nikiwa nimekaa kwenye ukingo, miguu majini, naye yuko palepale anaigeuzageuza, anatafuta ipi ni juu na ipi ni chini.

"Vaa, mwanangu," nikamwambia. "Njia unaijua, umetuonyesha kidole miaka yote. Ila ukifika cha sita, kuna mama anakoroga uji. Msalimie kwanza."